Majira Matatu na Sanduku Moja la Nguo



Juma hili twapenda kunena nanyi juu ya jambo ambalo wengine watalidhania dogo, nalo ni mavazi ya watu wa nyumbani. Hatusemi juu ya mitindo, wala juu ya nguo za arusi, wala juu ya vitenge vipya vya sikukuu. Twasema juu ya sanduku la nguo la jamaa isiyo na fedha nyingi, na jinsi sanduku hilo moja linavyotakiwa kuwatosha watu sita au wanane katika majira yote ya mwaka. Mwenye nguo nyingi hubadili vazi kila hewa inapobadilika, wala haoni taabu. Mwenye nguo tatu hana budi kufikiri. Basi na tufikiri pamoja.

Mtu wa Mombasa au wa Dar es Salaam akisikia habari za nguo za majira huenda akacheka, maana shati lake la Januari ndilo shati lake la Julai. Hapa Lubumbashi sivyo. Sisi tunakaa kusini ya ikweta kwa zaidi ya digrii 11, tena juu ya uwanda ulioinuka kadiri ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mwaka wetu umegawanyika sehemu tatu, na kila sehemu yataka vazi lake.

Majira ya kwanza ni ya mvua. Huanza yapata mwezi wa Novemba na kuendelea mpaka Machi au mwanzo wa Aprili. Mvua ya mwaka mzima hapa kwetu ni kadiri ya milimita 1,200, na karibu yote huanguka katika miezi hiyo michache. Majira ya pili ni ya baridi, tangu Mei hata Agosti. Wakati huo mvua hainyeshi, anga ni safi bila wingu, na upepo mkavu hutoka upande wa kusini-mashariki. Mawingu ni kama blanketi juu ya nchi. Yasipokuwapo, joto ambalo ardhi imelipokea mchana hupanda juu usiku na kupotea. Ndiyo maana alfajiri ya Julai kipimo hushuka mpaka digrii 7 au 8, na siku nyingine chini ya hapo, lakini saa nane mchana hupanda mpaka 25 au 26. Mtoto yule yule, katika siku ile ile moja, hupita katika majira mawili. Majira ya tatu ni ya joto, katika Septemba na Oktoba, kabla mvua haijafika. Hapo mijakaranda huchanua njiani, vumbi jekundu na moshi wa mioto ya porini hujaa hewani, na kipimo hupita digrii 30.

Sasa tuangalie mwaka wa shule. Shule zetu hufunguliwa mwezi wa Septemba, na masomo huisha mwanzo wa Julai. Mwanafunzi huvaa nyeupe juu na buluu chini, kama ilivyo desturi katika Kongo yote. Basi tazameni kazi ya sare hiyo moja: huanza katika joto na vumbi, hupita katika mvua na tope, na humalizia katika baridi. Tena mitihani ya mwisho wa mwaka huja wakati ule ambapo asubuhi ni baridi kuliko nyakati zote. Tangu Septemba 2019 Serikali imewaondolea wazazi ada ya shule ya msingi katika shule za umma, na jambo hilo limewarudisha watoto wengi darasani. Lakini shati, viatu na sweta havikuondolewa katika mzigo wa mzazi.

Fikirini nyumba moja ya Katuba au ya Ruashi. Baba anafanya kazi za siku, mama anauza mboga au unga, watoto ni watano. Kila mtoto ana sare moja, vazi moja la Dominika, na nguo moja au mbili za kushindia nyumbani. Sweta za kuvaliwa shuleni ni mbili tu kwa watoto wote watano. Imefika Juni, saa kumi na moja na nusu alfajiri, bado giza. Mama anashika sweta mbili mkononi na kuwatazama watoto wanaosimama wakijikunyata. Ampe nani? Ampe mdogo, kwa kuwa hawezi kuvumilia? Ampe mwenye mtihani, ili mkono wake usitetemeke akiandika? Ampe yule aliyekohoa usiku kucha? Naye yule msichana mkubwa, asiyelalamika kamwe, mara ngapi tena atapitwa?

Mara nyingine mama hukata shauri kwa kusema, "Wewe baki leo, mwanangu, utakwenda kesho." Naye mwalimu huandika katika daftari kwamba mtoto hayupo, na akiuliza huambiwa kwamba anaumwa. Haumwi. Hana sweta. Siku tatu za namna hiyo katika juma la marudio ya masomo zaweza kumrudisha mtoto katika darasa lile lile mwaka mzima. Ndiyo sababu twasema kwamba jambo hili si dogo.

Wala si jipya. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, na mji ukaanzishwa mwaka huo huo kwa jina la Elisabethville, jina lililotumika hata 1966. Wafanyakazi wa shaba waliletwa kutoka Luapula, Kasai, Maniema, na baadaye Ruanda-Urundi. Wengi wao walitoka katika nchi za joto, na magonjwa ya kifua yaliwaangusha wengi katika kambi za miaka ile ya mwanzo. Yapata mwaka 1928 kampuni ya Union Minière ilianza kufuata mpango wa kuwaweka wafanyakazi kwa muda mrefu pamoja na wake na watoto wao. Tangu hapo blanketi la mtu mmoja halikutosha tena. Mavazi yakawa kazi ya nyumba nzima, na zaidi ya yote kazi ya mama. Ndipo zilipofunguliwa zile nyumba za mafunzo ya akina mama zilizoitwa foyer social, ambako wanawake walijifunza kushona, kutia viraka na kufuma sufu. Wako mabibi hapa mjini ambao vidole vyao bado vyajua kazi hiyo. Mabinti na wajukuu wao, je?

Baadaye ulikuja wakati ambapo mavazi yaliamriwa kutoka juu. Katika miaka ya siasa ya uhalisi wa Mobutu, iliyoanza mwanzo wa miaka ya 1970, tai ilikatazwa, wanaume wa ofisi walivaa koti la abacost, na wanawake walikatazwa suruali, wakaamriwa kitenge. Amri ya tai ilikoma mwaka 1990. Hatutaki kuichambua siasa hiyo leo. Twakumbusha jambo moja tu: amri ilitoka Kinshasa, mahali ambapo Julai haina baridi kama yetu. Huku kwetu mama aliyekwenda sokoni alfajiri alifunga kitenge cha pili juu ya kile cha kwanza, na cha tatu akajitanda mabegani. Hakuivunja amri ya mtu, wala hakuisahau hewa ya nchi yake. Busara hiyo yatufaa hata leo.

Basi tutoe mashauri machache.

Shauri la kwanza: tuhesabu nguo kwa majira, si kwa sikukuu. Jamaa nyingi hununua nguo mara moja tu kwa mwaka, nayo ni kwa Noeli na Bonane. Baba amepata fedha kidogo, na watoto wanangoja kupendeza. Furaha hiyo ni halali, nasi hatumnyimi mtoto. Lakini angalieni: Desemba ni katikati ya mvua, na hakuna anayekumbuka baridi. Mtoto hununuliwa gauni jepesi la kung'aa au shati la mikono mifupi; likifika Juni limekwisha kumbana, wala halimsaidii asubuhi hata moja. Afadhali fedha ile igawanywe. Sehemu moja inunue nguo ya sikukuu ya bei ya kiasi, na sehemu ya pili inunue sweta iliyo kubwa kidogo kuliko mwili wa mtoto. Katika Desemba mwuza sweta hana wanunuzi wengi, naye husikia maneno. Mwishoni mwa Mei wateja humzunguka kama nyuki, naye hasikii tena. Kadhalika mwamvuli na viatu vya mvua vinunuliwe Julai. Wahenga walisema akiba haiozi.

Shauri la pili: nguo mbili nyepesi hushinda nguo moja nzito. Kinachomtia mtu joto si kitambaa peke yake, bali pia hewa inayokaa kati ya nguo na nguo, ambayo mwili huipasha na kitambaa huizuia isitoke. Fulana kuukuu ya pamba chini ya shati jeupe la shule haionekani, haivunji sheria ya sare, na gharama yake ni ndogo sana. Juu ya shati huja sweta, kama ipo. Jua likipanda mtoto huvua moja baada ya nyingine, akazikunja katika mfuko wake. Mwenye koti moja zito hana njia hiyo: asubuhi ana heri, na saa sita anatoka jasho, kisha hulivua na kulisahau uwanjani. Wazazi wafundishe watoto kukunja na kurudisha nguo. Sweta nyingi za jamaa maskini haziishi kwa kuchakaa. Huisha kwa kupotea.

Shauri la tatu ni juu ya mitumba. Ndugu zetu wa Zambia huiita salaula, neno la Kibemba ambalo wengi wetu twalifahamu, maana yake kuchagua kwa kufukua rundo. Kuna mabishano makubwa juu ya nguo hizo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, walikusudia kuziondoa hatua kwa hatua ili viwanda vya nchi zao vipate nguvu, na Rwanda ikapandisha ushuru mwaka huo huo. Hoja yao ni ya haki. Wazee wa Kalemie wanakikumbuka kiwanda cha Filtisaf kilichosokota na kufuma pamba, nacho kimekwisha kunyamaza. Lakini mama mwenye watoto watano hawezi kungoja kiwanda kifunguliwe. Yeye yupo mbele ya rundo leo, na shauri letu ni kwamba achague kwa akili.

Tena hapa Lubumbashi tuna bahati moja. Marobota hayo hutoka mara nyingi katika nchi za theluji, na ndani yake zimo nguo za sufu ambazo mtu wa pwani hana haja nazo. Sisi tunayo haja. Basi mama asiangalie kwanza rangi wala jina lililoandikwa kifuani. Ashike viwiko na kwapa, maana hapo ndipo nguo hutoboka kwanza. Aivute mishono. Aifungue zipu na kuifunga mara mbili. Aifikiche nguo kwa vidole: sufu na kitambaa kinene chenye manyoya ndani hutunza joto kuliko pamba tupu, na sufu hutunza joto hata ikiwa na unyevu. Sweta kubwa ya mtu mzima iliyotoboka si ya kutupwa. Yaweza kukatwa na kushonwa kuwa kizibao cha mtoto, au kufumuliwa uzi wake na kufumwa kofia mbili na soksi. Nguo zote za mitumba zifuliwe na kuanikwa juani kabla ya kuvaliwa. Sufu ifuliwe kwa maji baridi, isisongolewe kwa nguvu, ianikwe ikiwa imelazwa bapa, la sivyo itajikunja na kumfaa mwanasesere.

Shauri la nne ni juu ya majira ya mvua. Wengi hudhani kwamba adui wa wakati huo ni kulowa tu. Wako adui wengine wawili, nao ni wadogo. Wa kwanza ni mbu. Mbu wa malaria huuma tangu jioni mpaka alfajiri, na mvua humzidishia madimbwi ya kuzalia. Mtoto mwenye nguo tatu awe na moja ya mikono mirefu na suruali au sketi ndefu, avae jua likichwa, hata kama mchana alikuwa na kaptula. Nguo hiyo haichukui nafasi ya chandarua, lakini huulinda mwili katika zile saa za kukaa uani kabla ya kulala.

Adui wa pili ni yule nzi ambaye hutaga mayai yake katika nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, au katika mchanga. Mayai huanguliwa baada ya siku moja mpaka tatu, na funza mdogo, asiyeonekana kwa urahisi, huingia katika ngozi ya mtu anapovaa nguo ile. Hutokea jipu lenye kitundu katikati, na mtoto hulia bila mama kujua sababu. Kwa hiyo nguo zisianikwe chini wala juu ya majani; zianikwe juu ya kamba mahali penye jua. Mvua isipoacha nafasi, zianikwe ndani. Kisha zipigwe pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mishono na mipindo, na zaidi ya yote nepi za mtoto mchanga. Pasi si anasa. Katika nchi yetu ni dawa.

Tena katika majira hayo tusifunge sanduku miezi mitatu bila kulifungua. Sweta za baridi zitolewe juani kila lipatikanapo, la sivyo koga itazila kabla ya Mei. Viatu vilivyolowa visiwekwe karibu na moto, maana ngozi hupasuka. Vijazwe karatasi za magazeti makuukuu, ambazo hunyonya maji. Hata gazeti hili, likisha kusomwa, tutafurahi likifanya kazi hiyo.

Shauri la tano ni zito kuliko yote, nalo ni juu ya usiku wa baridi. Nyumba ikiwa na mablanketi machache, watu hushawishika kuingiza mbabula ndani, kufunga mlango na dirisha, na kulala. Ndugu, msifanye hivyo kamwe. Makala yanayowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushika mahali pa hewa njema katika damu, na mtu haoni maumivu makubwa. Huumwa kichwa kidogo, hulegea, husinzia, wala haamki. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kuondoa hatari. Mbabula ipikie nje, ipashe maji nje, na ilale nje. Joto la usiku litafutwe katika nguo: watoto walale wawili wawili, kila mmoja na soksi na kofia, na nguo zote za mchana zilizo kavu zitandazwe juu ya blanketi. Gunia safi au maboksi yaliyofunguliwa chini ya mkeka huzuia baridi ya sakafu, ambayo hunyang'anya joto kuliko hewa yenyewe.

Na mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati? Mwaka 1978 madaktari wa Bogotá, katika nchi ya Kolombia, walipokuwa na upungufu wa vyombo vya kupashia watoto joto, walianza kumweka mtoto kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa nguo. Njia hiyo imesifiwa na kufuatwa duniani kote, hata katika hospitali zenye vyombo vyote. Mama wa Katanga anayo tayari nguo ya kazi hiyo: ni kitenge chake. Mtoto avikwe kofia na nepi tu, alazwe wima kati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande ili apumue vema, kisha kitenge kimfunge imara na sweta ya mama ifunike juu. Baba naye aweza kumpokea hivyo mama anapopumzika, wala si aibu kwa mwanamume.

Labda msomaji mmoja atasema: "Mashauri haya ni mema, lakini watu watasemaje wakimwona mtoto wangu na sweta ya viraka?" Swali hili lataka jibu la kweli, maana haya ni mzigo mzito kuliko baridi. Watu wa Kongo wana sifa ya kuvaa, na sifa yao imefika Paris na Brussels. Hatuidharau. Mtu anayefua, anayepiga pasi na kutembea nadhifu humheshimu jirani yake pamoja na nafsi yake. Lakini unadhifu na gharama ni vitu viwili. Kiraka kilichoshonwa sawasawa ni ushuhuda wa nyumba yenye mtu anayejali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na usiposhona kitundu cha leo utanunua sweta nzima kesho. Na kama kuna baba mwenye suti tatu na viatu vya kumeremeta, na watoto wake watetemeka mwezi wa Julai, yeye na aulize sanduku lake lina nguo za nani.

Sasa twataka kusema kwa heshima na wakuu wa shule na walimu wenzetu. Sare ni jambo jema. Huwafanya mtoto wa tajiri na wa maskini wakae benchi moja bila kutambulikana. Lakini hutokea mwanafunzi akarudishwa kutoka lango la shule kwa sababu sweta yake ni nyekundu au ya kijani, si ya buluu. Alikuwa na sweta hiyo tu. Siku ya pili yake huja bila sweta, na sheria imeridhika, na mtoto anatetemeka. Je, hilo ndilo lililokusudiwa? Katika Kitabu cha Kutoka imo sheria ya zamani sana juu ya mkopeshaji aliyechukua vazi la maskini kuwa rehani: hana budi kulirudisha kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni kifuniko chake cha pekee usiku. Sheria ile ilimjua mtu mwenye vazi moja. Haki ya mkopeshaji haikufutwa, bali ilisimama mbele ya baridi ya usiku. Basi sheria zetu za shule nazo zimjue mtu huyo. Twaomba kwamba tangu katikati ya Mei mpaka kufunga shule, kila sweta iruhusiwe, ya rangi yo yote, maadamu chini yake mtoto amevaa nyeupe na buluu. Jua likipanda, sweta zitavuliwa, na sare itaonekana tena.

Tena twatoa shauri moja kwa parokia na kwa jumuiya ndogo za mitaa. Katika kila nyumba kuna sweta iliyombana mwenyewe, na katika nyumba ya jirani kuna mtoto ambaye ingemfaa kabisa. Kwa nini zisikutane? Dominika moja ya mwezi wa Aprili, kabla baridi haijaanza, kila jamaa ilete nguo za baridi zilizokuwa ndogo, zikiwa zimefuliwa na kushonwa, na ichukue zile zinazowafaa watoto wake. Tusiite jambo hilo sadaka, kwa sababu wengi huogopa kuonekana wakipokea. Tuite kubadilishana. Aliyeleta ndogo achukue kubwa. Na asiye na kitu cha kuleta alete vidole vyake, ashone vifungo siku hiyo. Mabibi waliojifunza kufuma wakae meza moja na kuwafundisha wasichana, na wavulana pia. Sindano mbili na uzi uliofumuliwa havina bei kubwa.

Mwisho twasema nanyi, wanafunzi. Ninyi mwajua ni nani darasani anayekuja bila sweta, kabla mwalimu hajajua. Mwajua pia ni nani anayechekwa kwa sababu ya koti la baba yake lenye mikono iliyokunjwa mara tatu. Kicheko kile ndicho kinachomfanya abaki nyumbani kesho yake. Hamhitaji fedha kukizuia. Na kama nyumbani kwenu mna sweta mbili za kimo chako, mwulize mama kwa adabu kama moja yaweza kwenda shuleni juu ya mgongo wa mwenzako mpaka Julai. Huenda akakubali upesi kuliko unavyodhani.

Basi, wazazi, leo jioni fungueni sanduku. Toeni nguo zote, mzitandaze juu ya kitanda, mzigawe mafungu matatu: ya mvua, ya baridi, ya joto. Mtaona mara moja fungu lililo dogo kuliko yote. Fungu hilo ndilo la kununuliwa kwanza, hata kama sikukuu inakaribia na madirisha ya maduka yanaita.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.